MOYO WA MKIMBIAJI: KWA NINI UNAPIGA POLEPOLE, NA ILIKUWAJE MADAKTARI WAKAUOGOPA

SEHEMU YA 1: Maswali mawili ya msimu wa michezo



Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA ukikaribia, naulizwa maswali ya aina mbili.

La kwanza: "Nesi, mwanangu kapimwa, moyo unapiga mara 46 kwa dakika. Nimesikia kawaida ni 60 mpaka 100. Nimtoe kwenye mbio?"

La pili huja kwa sauti ya chini, mwishoni kabisa, baada ya mengine yote: "Halafu nesi, huyu binti juzi alianguka akikimbia. Akazimia kidogo, akaamka. Wamesema ni njaa. Si kitu, eti?"

Mama wa swali la kwanza anakuwa na hofu mpaka usingizi haupati. Mama wa swali la pili ametulia. Na mara nyingi ingefaa wabadilishane: wa kwanza alale, wa pili aamke asubuhi na mapema apande gari kwenda hospitali.

Usijilaumu kama ulikuwa hujui. Madaktari wenyewe walibishana jambo hili zaidi ya miaka mia moja. Ndiyo maana juma hili nataka nikupitishe kwenye historia yake, sehemu sita. Chukua uji wako wa ulezi, tuanze.

Kwanza, umeme wenyewe. Moyo una umeme wake, hauhitaji TANESCO. Juu upande wa kulia kuna sehemu ndogo sana inayotoa cheche. Cheche inasambaa kwenye vyumba viwili vya juu, inafika kituo cha katikati, inasubiri kidogo damu iteremke, kisha inashuka vyumba vya chini. Moyo unakamua, damu inakwenda mwilini. Hilo ni pigo moja.

Kutoka kwenye ubongo unateremka mshipa mrefu wa fahamu unaofika mpaka pale kwenye kituo cha cheche. Kazi yake ni kama breki ya baiskeli. Ukilala, breki inashikwa, moyo unapunguza mwendo. Ukikimbia, breki inaachiwa.

Sasa mtoto akifanya mazoezi kwa miezi na miaka, moyo wake unapanuka na kupata nguvu, kila pigo linatoa damu nyingi zaidi. Fikiria mama Chacha anachota maji kwa ndoo ya lita 20 na mama Bhoke anachota kwa kidumu cha lita 5. Wote wanajaza mapipa yanayolingana. Nani atakwenda kisimani mara nyingi zaidi? Na je, utamwita mama Chacha mvivu kwa sababu safari zake ni chache?

Hesabu yake ni hii. Mwili wa mtu mzima aliyetulia unahitaji takriban lita 5 za damu kwa dakika. Mapigo 70 yenye mililita 70 kila moja yanakupa karibu lita 5. Mapigo 46 yenye mililita 108 kila moja, nayo yanakupa karibu lita 5. Pipa limejaa vilevile.

Ukilijua hili, historia yote inayofuata utaielewa.

SEHEMU YA 2: Hofu ilianza kwa wapiga makasia

Tunarudi Uingereza, miaka 150 na zaidi iliyopita. Vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walikuwa wakishindana kila mwaka kupiga makasia mtoni. Mashindano yale yanakausha pumzi, kijana anamaliza amelala kwenye mtumbwi hajiwezi.

Mwaka 1867 daktari mpasuaji wa London, F. C. Skey, aliandika barua katika gazeti la The Times akisema mashindano yale yanahatarisha maisha ya vijana. Wazazi wakashtuka, si unajua mzazi akisoma neno la daktari gazetini? Watu wakaamini kwamba moyo ni kama kiatu, ukiutumia sana unaisha.

Daktari mwingine, John Morgan, aliyewahi kupiga makasia mwenyewe, akaona maneno matupu hayatoshi. Akaanza kuwatafuta wote walioshiriki mashindano yale tangu 1829 mpaka 1869, mmoja mmoja, yupi yuko hai, yupi amekufa na kwa nini. Mwaka 1873 akatoa kitabu. Alichokuta ni kwamba wapiga makasia wale, kwa ujumla wao, waliishi muda mrefu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa rika lao.

Hapo ungedhani ubishi umekwisha. Wapi!

Mwaka 1899, huko Uppsala nchini Sweden, daktari Salomon Henschen aliwapima washindani wa mbio za kuteleza kwenye theluji. Hakuwa na mashine. Aligonga vifua vyao kwa vidole na kusikiliza mlio, kama unavyogonga debe la mahindi kujua limejaa mpaka wapi. Akakuta wanamichezo wale wana mioyo mikubwa kuliko watu wa kawaida. Mwaka huohuo, Eugene Darling alikuta jambo kama hilo kwa wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Henschen alifikiri moyo uliokua kwa kazi unaweza kufanya kazi kubwa zaidi. Lakini madaktari wengi waliomfuata hawakuona hivyo. Wodini walizoea mgonjwa mwenye moyo mkubwa akiwa amevimba miguu na hawezi kulala chali. Kwao moyo mkubwa ulikuwa na maana moja tu. Wakaupa moyo wa mwanamichezo jina, na jina lile likasikika kama jina la ugonjwa.

Angalia kosa lilipo, mama. Kipimo chao kilikuwa sahihi, moyo ulikuwa mkubwa kweli. Kilichokosekana ni swali moja: mkubwa kwa sababu gani?

SEHEMU YA 3: Ndoo za maji ya chumvi

Mpaka hapo hakuna aliyeweza kuusoma vizuri umeme wa moyo. Mwaka 1887 Augustus Waller, huko London, aliweza kuunasa kwa mara ya kwanza kutoka juu ya ngozi ya binadamu, lakini picha yake ilikuwa na ukungu.

Aliyefungua njia ni Willem Einthoven, daktari wa Kiholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwa cha Java, akafanya kazi Leiden. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alitengeneza mashine yenye uzi mwembamba sana uliokaa kati ya sumaku. Umeme wa moyo ukipita, uzi unacheza, na mchezo wake unachorwa. Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na iliendeshwa na watu watano. Mtu aliyepimwa aliketi akiwa ametumbukiza mikono yake miwili na mguu mmoja kwenye ndoo za maji ya chumvi, maana maji ya chumvi hupitisha umeme. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mashine hiyo ndiyo babu wa ECG unayoiona leo hospitali. Siku hizi ni kaboksi kadogo, mgonjwa analala, anabandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, dakika chache karatasi imetoka. Haiumi, haipigi shoti. Nasema hivyo kwa sababu wapo watoto wanaokimbia kitanda wakiona nyaya. Mweleze mwanao mapema: mashine haimtilii umeme, inasikiliza umeme wake yeye.

Einthoven aliyapa mawimbi majina: P, Q, R, S na T. Wimbi la P ni vyumba vya juu. Kundi la katikati, QRS, ni vyumba vya chini vikikamua. T ni moyo unajipanga upya kwa pigo linalofuata.

Madaktari walipoanza kuwapima wanamichezo kwa mashine hii, wakakuta mambo manne yanajirudia:

1. Mapigo machache.
2. Cheche inachelewa kidogo zaidi kwenye kituo cha katikati, hasa mtu akiwa amelala.
3. Mawimbi ya katikati ni marefu, kwa kuwa moyo wenye misuli zaidi unatoa umeme mwingi zaidi.
4. Mstari kabla ya wimbi la T unapanda juu kidogo.

Na kila moja kati ya hayo manne, kwa mtu mgonjwa, laweza kuwa dalili ya ugonjwa. Mapigo machache yanatokea pia kituo cha cheche kikichakaa. Mawimbi marefu yanatokea pia kwa mwenye presha ya muda mrefu. Mstari kupanda unatokea pia mshipa wa moyo ukiziba. Mashine inachora tu, kujua ni lipi ni kazi ya anayesoma karatasi. Akiwa hajaambiwa kwamba mtoto huyu anakimbia kilomita kumi kila asubuhi, anasoma akiwa amefumba jicho moja.

SEHEMU YA 4: Mpiga chapa wa Boston na mwalimu wa Majita

Huko Marekani alikuwepo mpiga chapa mmoja, Clarence DeMar. Kabla ya mbio za marathoni za Boston mwaka 1911, madaktari walimsikiliza kifua, wakasikia mlio usio wa kawaida. Wakamwambia akimbie hiyo iwe ya mwisho, aache.

Alikimbia, akashinda.

Kisha kwa miaka kadhaa akakaa mbali na mbio zile za Boston. Baadaye akarudi, na akashinda tena 1922, 1923, 1924, 1927, 1928 na 1930. Jumla mara saba, na hakuna mwanamume mwingine aliyefikia idadi hiyo pale Boston. Aliendelea kukimbia mpaka uzeeni. Alifariki 1958 akiwa na miaka 70, na kilichomuua ni saratani.

Madaktari wakaufungua moyo wake kuuangalia. Mmoja wao, Paul Dudley White, alikuwa bingwa wa moyo anayeheshimiwa sana. Taarifa yao ya mwaka 1961 inasema mishipa inayolisha moyo wa DeMar ilikuwa mipana mara mbili hadi tatu kuliko ya kawaida. Moyo ulioambiwa upumzike 1911 ulikuwa umejijengea barabara kuu.

Sasa turudi nyumbani. Wakati DeMar amekwisha kustaafu dunia, hapa kwetu Mara, upande wa Majita, alikuwa anakua mtoto aliyezaliwa 1953, Suleiman Nyambui. Akawa mwalimu wa shule ya msingi, na akawa mkimbiaji. Mwaka 1980 kwenye Olimpiki ya Moscow alichukua medali ya fedha mita 5,000, nyuma kidogo tu ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Siku moja kabla, Filbert Bayi alikuwa amechukua fedha mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mpaka leo medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili, na moja ni ya mtoto wa Mara. Nyambui hakuishia hapo, akashinda marathoni ya Berlin 1987 na 1988.

Wakimbiaji wa mbio ndefu wa kiwango hicho, dunia nzima, kwa kawaida mapigo yao wakiwa wamepumzika yanakuwa chini ya 60, na 40 na kitu si ajabu. Hebu fikiria mtoto wa namna hiyo angekutana na mtu aliyesoma nusu kitabu, akamwambia mama yake: moyo wake mzito huyu, akae nyumbani.

Kuhusu kwa nini mapigo yanapungua, ubishi bado upo. Kwa miaka mingi sababu iliyofundishwa ni ile breki, kwamba mazoezi yanaikaza zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester wakiongozwa na Mark Boyett walionyesha, kwa panya waliofanyishwa mazoezi, kwamba kituo cha cheche chenyewe kinabadilika: milango midogo inayopitisha chaji inapungua, kwa hiyo cheche zinatoka kwa nafasi. Kwa lugha ya jikoni, si breki tu iliyokazwa, hata moto wa jiko umepunguzwa. Mazoezi yakiachwa, mapigo hupanda tena taratibu.

SEHEMU YA 5: Mioyo yetu haikuwa kwenye kitabu

Hapa ndipo pananiuma zaidi, na ndipo panapotuhusu sisi.

Mwaka 1982 Italia iliweka sheria: kila mwanamichezo wa mashindano apimwe, pamoja na ECG, kabla ya kuruhusiwa kucheza. Katika jimbo la Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi 0.4, kati ya 1979 na 2004. Ni mafanikio makubwa. Israel nayo iliweka sheria ya aina hiyo 1997, lakini utafiti wa 2011 haukuona vifo vikipungua huko. Kwa hiyo mabingwa hawajakubaliana kama kila mtoto anayecheza apimwe ECG.

Lakini tazama: karatasi nyingi zilizotumika kuamua "hii kawaida, hii si kawaida" zilikuwa za vijana wa Kizungu. Walipoanza kupimwa wachezaji weusi, karatasi zao nyingi zikasomwa "si kawaida". Kubwa lilikuwa wimbi la T. Kwa wachezaji weusi wengi wimbi hilo, kwenye vibandiko vya mbele ya kifua, linaelekea chini badala ya juu. Kitabu kilisema T iliyopinduka ni shaka ya ugonjwa wa misuli ya moyo.

Na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Tarehe 26 Juni 2003, uwanjani Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka dakika ya 72 bila kuguswa na mtu, akafariki. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha ugonjwa wa kurithi unaonenepesha misuli ya moyo. Ugonjwa huo na moyo wa mazoezi wanafanana kama pacha: wote wana misuli minene, wote wana mawimbi marefu. Lakini mmoja ni mzima na mwingine anaweza kuua.

Ndipo utafiti ukaanza kuwafuata Waafrika wenyewe. Kwenye mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 yaliyofanyika Algeria 2009, wachezaji walipimwa mioyo yao kwa ECG na kwa kipimo cha picha. London nako, kundi la Sanjay Sharma na Michael Papadakis lilipima mamia ya wanamichezo weusi, na mwaka 2011 likaeleza kwamba T iliyopinduka ilionekana kwa zaidi ya mmoja katika kila watano, wakati kwa wanamichezo Wazungu ilikuwa chini ya mmoja katika ishirini.

Matokeo yake, mwaka 2013 ulitolewa mwongozo mpya kutoka Seattle, na 2017 mwongozo wa kimataifa wa kusoma ECG za wanamichezo wa miaka 12 hadi 35. Yaliyomo, kwa ufupi:

• Mapigo machache kwa mwanamichezo asiye na dalili ni kawaida, hata yakishuka mpaka 30.
• T iliyopinduka mbele ya kifua kwa mwanamichezo mweusi, ikitanguliwa na mstari uliopanda kama kilima, ni kawaida.
• Kwa mtoto chini ya miaka 16, T ya mbele kupinduka yaweza kuwa ya umri tu.
• T iliyopinduka upande wa kushoto wa kifua, au upande wa chini wa moyo, si ya kuachwa. Huyo afanyiwe uchunguzi zaidi, awe mweusi au mweupe.

Unaona sasa? Miaka yote ile yupo kijana aliyerudishwa nyumbani akiwa mzima, kwa sababu kitabu hakikumjua. Na yupo aliyeachwa acheze, kwa sababu hakuna aliyempima.

SEHEMU YA 6: Sasa sisi wa Tarime na Serengeti tufanye nini

Wengi wenu mnaikumbuka habari ya Desemba 2016: kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza alianguka katikati ya mechi kwenye uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akapoteza maisha. Kanda yetu ya Ziwa nzima ilihuzunika.

Miaka minne kabla, tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, kijana mzaliwa wa Kinshasa aliyefika Uingereza na familia ya wakimbizi, alianguka uwanjani London akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Lakini walianza kumkandamiza kifua palepale, mashine ya kushtua moyo ilikuwepo, na daktari wa moyo aliyekuwa jukwaani kama shabiki, Andrew Deaner, alishuka uwanjani kusaidia. Muamba yupo hai. Hachezi tena mpira, lakini analea watoto wake.

Kwa hiyo, mama yangu, shika haya.

Mapigo machache peke yake, kwa mtoto anayefanya mazoezi, anayekula, asiyechoka ovyo, yasikunyime usingizi. Mhesabu asubuhi kabla hajaamka: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, dakika nzima. Akishaamka mwambie arukeruke dakika moja, hesabu tena. Moyo wa mazoezi unapanda haraka. Ila mtoto asiyefanya mazoezi kabisa akiwa na mapigo 46, huyo mlete tumwangalie. Na usichanganye na kichanga: mtoto mchanga mapigo yake ni 100 mpaka 160.

Haya ndiyo ya kukuamsha usiku:

• Kuzimia AKIWA ANAKIMBIA au anacheza. Kuzimia baada ya kusimama mstari wa mwisho, damu ikiwa imebaki miguuni, mara nyingi ni nafuu zaidi, lakini nako sema.
• Kifua kuuma au kubana wakati wa mazoezi.
• Moyo kwenda mbio ghafla bila sababu.
• Kuhema kuliko wenzake wa rika moja, au kuvimba miguu.
• Ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Hapa ongea na bibi, na wazee wa ukoo. "Alianguka tu shambani" ni taarifa ya kitabibu, usiidharau.

Mtoto mwenye moja ya hayo asimame mazoezi mpaka apimwe. Usikubali jibu la "njaa" mpaka moyo umesikilizwa. Najua mtaani kuna atakayesema kapigwa juju na timu pinzani, mwingine atasema kifafa. Moyo ukisimama, mwili unaweza kutikisika kidogo kama kifafa. Wewe mpeleke.

Kwetu pia yapo magonjwa ya valvu yanayoanza na koo la mtoto lisilotibiwa vizuri. Koo linaloambatana na homa lipeleke zahanati, na dawa amalize.

Ukienda, anza zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, ama Musoma, na ikibidi Bugando Mwanza au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza 2015. Nauli ni pesa, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama ECG inafanya kazi siku hiyo. Na ukifika mbele ya daktari sema hivi, usisubiri kuulizwa: "Mwanangu ni mkimbiaji. Anafanya mazoezi siku kadhaa kwa wiki, tangu mwaka fulani. Dalili ilimpata akiwa anakimbia, au baada ya kusimama. Kwenye ukoo yupo, au hayupo, aliyekufa ghafla." Maneno hayo manne yanabadilisha namna karatasi inavyosomwa.

Mtu akianguka uwanjani ghafla, haitiki na hapumui kawaida (kukoroma kwa mbalimbali si kupumua): mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua kimoja juu ya kingine, kandamiza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kikirudi juu kila mara. Mwingine atafute gari. Mkichoka pokezaneni. Msimmwagie maji, msimtie kijiko mdomoni, msimzunguke kumkosesha hewa. Na msisimame kumrekodi kwa simu.

Mtumie mwalimu wa michezo wa shule ya mwanao hii sehemu ya sita. Mwombe ahakikishe walau watu wawili wanaokuwepo uwanjani kila mechi wanajua kukandamiza kifua. Ukitaka tufundishane, kusanyeni kina mama wa kikundi chenu, wa kikoba au wa kanisani au msikitini, mniite Jumamosi. Mto wa kitandani unatosha kufanyia mazoezi.

Juma lijalo: mafindofindo ya mtoto, na kwa nini dawa ya siku kumi haiishi siku ya tatu. Mbaki salama.